Jumatano kwa Kocha, Temeke: buku moja, Usyk na Fury, na chaki sakafuni

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Jumatano kiingilio kwenye kibanda cha video cha Kocha ni shilingi 1,000. Likiwa pambano la mubashara anatoza 2,000, na siku hizo sikushauri uende kama hupendi kubanwa. Kibanda kiko mitaa ya nyuma ya soko la Temeke Stereo, hakina bango, lakini ukiuliza "kwa Kocha" vijana wa bodaboda watakuonyesha kwa kidole. Siku nyingine zote ni kibanda umiza kama vibanda umiza vingine: mpira wa Ulaya, mikeka, jasho na matusi ya hapa na pale. Ninachokiandikia mimi ni Jumatano usiku, Kocha anapoweka pambano moja la ngumi lililokwisha kupigwa na kulichambua raundi kwa raundi. Matokeo kila mtu anayajua. Unakwenda kuona yalivyopatikana.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, na ngumi nilikuwa naziona zikipita tu kwenye televisheni ya saluni. Kilichonipeleka ni mwanangu wa pili. Ana mashoto. Bibi yake, Mungu amrehemu, alihangaika sana kumtoa huo mkono: kula kulia, kupokea kulia, kusalimia kulia. Kwenye sahani alifanikiwa. Alipoanza mazoezi ya ngumi mkono ukarudi wenyewe, na jimu aliyoanzia wakamwambia ageuke, asimame kama wenzake, la sivyo hawana muda naye. Akarudi nyumbani kanuna, hasemi na mtu. Nikasikia kwa mteja mmoja kwamba kwa Kocha wataonyesha Usyk na Fury, mwenye mashoto dhidi ya jitu. Nikaona niende nikamsikilize mtu anayejua kazi yake.

Televisheni ni kubwa, inchi 55, imefungwa juu ukutani kiasi kwamba hata wa benchi la mwisho anaona. Mtangazaji wa Kiingereza alizimwa sauti kabla hajamaliza kutusalimia. Kocha anasema mtangazaji akishakuambia nani anaongoza, macho yako yanaacha kufanya kazi. Sauti anaiwasha ile dakika moja ya mapumziko tu, tusikie kona, yaani makocha wa kila bondia, zinasema nini, na yeye anatafsiri. Mbele ya benchi la kwanza sakafu ya saruji ameichora kwa chaki: nyayo nne, mbili nyeupe, mbili za buluu. Vijana wawili, mmoja mrefu na mmoja wa wastani, wanakaa pembeni na glavu zao kuukuu wakisubiri kuitwa. Nilipoona hivyo nikajua buku yangu haijapotea.

Pambano ni lile la kwanza, la tarehe 18 Mei 2024, Kingdom Arena, Riyadh. Oleksandr Usyk wa Ukraine na Tyson Fury wa Uingereza, mikanda yote minne ya uzito wa juu ikigombewa usiku mmoja. Tangu Lennox Lewis alipomshinda Evander Holyfield mwaka 1999 hapakuwa na bondia wa uzito huo aliyekuwa bingwa peke yake, bila mwingine mahali fulani kuvaa mkanda na kujiita bingwa pia. Fury ana sentimita 206, Usyk 191. Urefu wa mikono ukinyooshwa, Fury 216, Usyk 198. Kwenye mizani Fury alikuwa na karibu kilo 119 na Usyk kilo 101 na kitu, ingawa Usyk walimtangaza kwanza kwa pauni 10 za ziada wakaja kujirekebisha. Mimi napima watu kila siku. Sentimita 18 za mkono ni shati la mtu mwingine kabisa. Nikajiuliza huyu mdogo atafikaje.

Jibu la Kocha lilikuwa sakafuni. Mabondia wawili wa mkono wa kawaida wakikabiliana, kila mmoja ametanguliza mguu wa kushoto na miguu hiyo inapishana bila shida. Akiingia mwenye mashoto ametanguliza wa kulia, na sasa mguu wake wa mbele unatazamana na wa mwenzake, kidole kwa kidole, kila mmoja akimzibia mwenziwe njia. Anayeweka mguu wake upande wa nje ndiye mwenye mlango. Ngumi yake ya nyuma inapita moja kwa moja katikati, kifuani au kidevuni, wakati ya mwenzake inabidi ikate kona. Akawaita vijana wake wasimame juu ya zile nyayo. Yule wa wastani akasogeza mguu hatua ndogo tu kwenda nje, akanyoosha mkono wa kushoto taratibu, ukafika puani kwa mrefu. Yule mrefu akajaribu kurudisha kwa kulia, ngumi ikapita hewani nyuma ya bega. Kibanda kizima kikasema "aaah" kwa pamoja.

Baada ya hapo ukirudi kwenye picha huwezi tena kuangalia nyuso. Raundi ya kwanza Fury anajichekesha kwenye kona, anafanya vituko, na watu wa Riyadh wanacheka. Sisi tulikuwa tunatazama viatu vya Usyk. Kila akisogea, mguu wa kulia unatafuta nje. Fury naye si mjinga, anaurudisha wake, anageuza, mara nyingine anabadili msimamo na kutanguliza kulia yeye mwenyewe. Kocha alisimamisha picha mara nyingi sana hapo, mpaka mzee mmoja nyuma akamwambia, "Kocha, tutafika Riyadh kwa miguu leo?"

Mkono wa mbele wa Usyk nao una kazi zake. Mimi nilidhani jebu, ngumi ya mkono wa mbele, ni ngumi nyepesi ya kumsumbua mtu. Kumbe ule mkono unagusa glavu ya Fury, unaishusha, unaitikisa, unaiacha ikiwa haijajiandaa. Halafu anapiga jebu tumboni. Haziumizi sana, ila mtu wa sentimita 206 akipigwa tumboni mara kwa mara, viwiko vyake vinashuka kujikinga, na viwiko vikishuka mikono inashuka navyo. Raundi tatu za mwanzo zilikuwa hivyo. Kwa macho yangu Usyk alizichukua zaidi, ingawa Kocha alisema ya tatu haikuwa na mwenyewe.

Sehemu nzuri kuliko zote ilikuwa raundi ya nne mpaka ya saba, pale Fury alipoonekana kama ameshapata dawa. Na hapa nampa Kocha sifa, kwa sababu angeweza kutuonyesha Usyk akishinda tu, tukapiga makofi, tukarudi makwetu. Mtu mfupi akitaka kumfikia mrefu lazima aingie, na akiingia anainamisha kichwa. Fury alianza kumsubiri palepale. Badala ya kumrushia ngumi za mbali anaacha aje, halafu apakati, ngumi ya kutoka chini kwenda juu, inakutana na kidevu kinachoshuka. Anachanganya na mkono wa kulia wa tumboni, maana mwenye mashoto upande wake wa tumbo uko wazi kwa mkono huo. Raundi ya sita apakati moja ilimfika Usyk sawasawa, miguu ikalegea. Mashabiki wa Fury kibandani, na ni wengi kuliko nilivyodhani, wakasimama. Mimi nilikuwa najua mwisho wake na bado moyo ulinienda mbio.

Kocha akasimamisha picha, akauliza: wewe ungekuwa kona ya Usyk ungemwambia nini? Kijana mmoja akasema akae mbali, apumzike. Mwingine akasema akumbatie. Kocha akatikisa kichwa. Akikaa mbali anaurudia ule upungufu wa sentimita 18. Akikumbatia anabeba kilo 17 za ziada shingoni mwake, na Fury ni hodari wa kumlalia mtu mpaka pumzi ikamwisha. Kwa hiyo mahali pekee pa kwenda ni mbele, kulekule apakati zinakotokea, ila kwa mpangilio mwingine. Tukaonyeshwa. Fury ana tabia ya kukwepa kwa kuvuta kiwiliwili nyuma. Ngumi inaishia inchi moja kabla ya uso wake, na kwa watu wengi aliopigana nao hiyo ilitosha, kwa sababu walikuwa na ngumi moja, wakikosa wanajipanga upya. Usyk kuanzia raundi ya nane anapiga ya kwanza ili Fury avute nyuma, anaongeza hatua moja, kisha anapiga ya kushoto pale kichwa kilipohamia. Mtu aliyevuta mgongo nyuma hana pa kuvuta tena. Hapo ndipo uso wa Fury ulipoanza kuharibika, pua na jicho.

Niliangalia ile hatua ya ziada ikirudiwa tena na tena. Ni ndogo, usipoonyeshwa huioni.

Raundi ya tisa mnaijua. Kushoto kwa Usyk kunatua, Fury anayumba, anapelekwa kamba hii anarudishwa kamba ile huku ngumi zinamfuata, miguu haimtii. Mwamuzi Mark Nelson anaingia kati na kuanza kuhesabu, ingawa Fury hakugusa sakafu, kwa kuwa bila zile kamba angekuwa chini. Hesabu inaisha, kengele inalia. Hapo kibanda kililipuka. Wa kwanza kusimama alidai mwamuzi alimwokoa Fury, angeacha sekunde chache zaidi tungeona KO, mtu kaangushwa asiinuke. Mwingine akadai alimwonea, mtu hajaanguka unamhesabia nini. Kocha akasoma kanuni kama mtu aliyeishi nazo: anayeshikiliwa na kamba asianguke huhesabiwa sawa na aliyeanguka. Akakataa mjadala wa sekunde. Alichokifanya ni kuchukua chaki.

Akaandika kadi tatu za majaji sakafuni. Jaji wa kwanza 115 kwa 112, Usyk. Wa pili 114 kwa 113, Usyk. Wa tatu 114 kwa 113, Fury. Mshindi wa raundi hupewa 10, aliyeshindwa 9, ila akiwa amehesabiwa hupewa 8 badala ya 9, kwa hiyo kwenye kila kadi Fury alipoteza pointi moja ya ziada kwa ile hesabu. Mrudishie. Kadi ya kwanza inakuwa 115 kwa 113, bado ya Usyk. Ya tatu inakuwa 115 kwa 113, ya Fury. Ya katikati inakuwa 114 kwa 114. Mmoja huku, mmoja kule, mmoja sare: pambano zima ni droo, na mikanda haiendi kwa mtu mmoja. Nilifanya hesabu hiyo mwenyewe nyuma ya kitabu changu cha vipimo, ni kweli. Vijana waliokuwa wanapigizana kelele wakanyamaza wakaanza kuhesabu vidole.

Waliohesabu ngumi walisema Fury alirusha 496 zikafika 157, na Usyk alirusha 407 zikafika 170. Kocha hakuzipa uzito, alizitaja akapita. Mimi ningezikalia kidogo, maana kwa tofauti ya ngumi 13 katika raundi 12 unaelewa kwa nini majaji waligawanyika, na kwa nini Fury alitoka pale akisema yeye ndiye aliyeshinda raundi nyingi.

Sasa lawama zangu. Ya kwanza na kubwa: raundi ya 10 mpaka ya 12 alizipitisha mbio. Muda ulikuwa umekwenda, pambano la dakika 36 za ngumi tulikuwa tumelitafuna mpaka karibu saa tano usiku, na watu wa Mbagala walishaanza kuwaza daladala. Lakini kama kadi zimebanana kiasi hicho, raundi tatu za mwisho ndizo zilizobeba matokeo sawa na ile ya tisa. Nilitaka kuona Fury aliyetoka kuhesabiwa anatembeaje, amebadilisha nini, na Usyk kwa nini hakummaliza. Nilimuuliza. Akasema, "Mama, bondia aliyepigwa hivyo ni hatari zaidi, na yule mdogo alishatumia pumzi nyingi." Huenda. Ila hakutuonyesha.

Ya pili, kona. Tulipowashiwa sauti wakati wa mapumziko, upande wa Fury kulikuwa na sauti zaidi ya moja kwa wakati mmoja: kocha wake SugarHill Steward, baba yake John Fury, na wengine. Kocha wetu alicheka akapita. Mimi ninao wasichana wawili wanaojifunza cherehani kwangu, na najua ukimwelekeza mtu wawili kwa pamoja anashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Ndani ya dakika moja, mtu ametoka kupigwa, anamsikiliza nani? Ningependa somo zima la hilo tu.

Ya tatu ni upendeleo, na nimeigundua kwa bahati. Wakati wa kutoka alinirudishia chenji ya soda kwa mkono wa kushoto, akashtuka, akasema, "Samahani mama, kushoto." Kumbe na yeye ana mashoto! Ndiyo maana kila mwenye mashoto akipiga, rimoti inarudisha nyuma mara tatu. Simlaumu sana. Nilichukua nafasi hiyo kumweleza habari za mwanangu, akaniuliza swali moja tu: anaandika kwa mkono gani? Nikasema kulia, lakini anarusha mawe kwa kushoto. Akasema wamwache asimame alivyo, na akija mwenyewe Jumatano hatamtoza. Kijana ana miaka kumi na tisa, saa za usiku zinamruhusu, na sasa anakaa benchi la kwanza.

Kwa haki niseme pia kwamba si kila Jumatano ina uzito sawa. Wiki nyingine aliweka Muhammad Ali na George Foreman, Kinshasa, 30 Oktoba 1974. Kibanda kilijaa kuliko siku ya Usyk, wazee walikuja na kanzu zao, na mzee mmoja aliyekulia Bukavu aliongoza "Ali, boma ye" (Ali, muue) mpaka majirani wakagonga ukuta. Raha tupu, ila kama somo lilikuwa pungufu. Ile filamu ni ya zamani, kamera inakaa juu ya kiuno, miguu huioni, na miguu ndiyo Kocha anayoijua. Kila mtu alikuja akisubiri Ali aegemee kamba, Foreman ajichoshe, raundi ya nane imalizike. Alichotuongezea kipya ni raundi ya kwanza: Ali anaanza na mkono wa kulia wa nyuma, bila jebu ya kutangulia. Ni ngumi inayosafiri mbali, mtu wa kawaida hathubutu kumrushia bingwa wa miaka 25 aliyeshinda mapambano 40 bila kupoteza, 37 kwa KO, aliyemwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Kwa sababu hathubutu mtu, Foreman hakuitarajia. Kocha anasema hasira za Foreman zilianzia pale, na mwenye hasira hahesabu pumzi. Nilitamani akae hapo saa nzima, lakini wazee walitaka kamba, wakapewa kamba.

Mambo madogo kwa anayetaka kwenda. Wakisema wanaanza saa mbili na nusu jua ni saa tatu, usiharakishe. Mabenchi hayana migongo. Mimi naenda na khanga ya kukunja nikalie. Feni ni moja na inawatazama wa kulia tu, kwa hiyo kaa kulia. Kuna mtu wa kahawa na kashata mlangoni, ananyamaza Kocha akizungumza, jambo ambalo wateja wengine hawawezi. Choo ni cha nyumba ya jirani, shilingi 200, kisafi. Wanawake tuko wachache lakini hakuna aliyenisumbua. Wananiita mama, wananipisha, na mmoja keshaniletea suruali ya kupunguza kiuno.

Ameahidi kuweka marudiano ya 21 Desemba 2024, yale ambayo Fury alikuja na zaidi ya kilo 127 na majaji wote watatu wakaandika 116 kwa 112 kwa Usyk. Nimemwomba aanzie raundi ya 12 kurudi nyuma, ili safari hii uchovu uziangukie za mwanzo. Amesema atafikiria. Nampa nyota nne. Ya tano inasubiri feni ya pili.